Modi zangu, gemu safi ya mdogo wangu, kompyuta moja

"Nacheza Skyrim Special Edition ya Steam kwenye Windows, nina modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) kama 130 ninazoziendesha kwa programu ya Mod Organizer 2. Zamani, kabla sijaijua programu hiyo, nilikuwa nazitupia modi kwenye folda ya Data kwa mkono, na niliweka ENB pia, ile ya kubadili rangi na mwanga wa gemu. Masasisho nilikuwa nimeyazuia muda mrefu, gemu ikabaki toleo la 1.6.640. Mwezi uliopita mdogo wangu alitaka kucheza gemu yenyewe, bila modi. Nikanakili folda nzima ya gemu nikaibandika diski D, nikafuta kwenye nakala modi nilizozikumbuka, nikamwambia acheze hiyo. Akibofya SkyrimSE.exe ya kwenye nakala, inafunguka ileile yangu. Akaona isiwe tabu, akawa anabonyeza kitufe cha kucheza ndani ya Steam. Juzi ameingia kwenye sevu yangu (mchezo niliouhifadhi) ya saa 90, likatokea onyo kwamba kuna vitu havipo, akakubali akaendelea. SKSE nayo, programu ambayo modi zangu zinaitegemea, sasa imegoma, inasema toleo la gemu si lake. Nimehakiki faili kwa Steam nikidhani itasafisha kila kitu, lakini rangi za ENB bado zipo. Je, sevu yangu imekufa? Na ni lazima ninunue gemu ya pili ili tusigombane? Diski D imebaki na GB 70."

Nianze na sevu, maana najua ndiyo inayokuuma. Kwa uwezekano mkubwa ni nzima. Na gemu ya pili huna haja ya kununua.

Wengi huamini kwamba sevu ikifunguliwa bila modi zake inakufa papo hapo. Sivyo. Kufungua ni kusoma. Skyrim husoma faili ile, ikaijenga dunia kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na vitu ambavyo modi zake hazipo ikavitupa. Lakini inavitupa kule kwenye kumbukumbu. Faili iliyoko diskini haiguswi mpaka gemu iandike, na gemu huandika mchezaji anapohifadhi mwenyewe, au inapojihifadhi yenyewe mtu akipita mlango kwenda eneo jingine, akilala, akisubiri saa zisogee au akisafiri kwa ramani. Sevu hizo za kujihifadhi zina nafasi chache zinazozunguka: mpya inafuta ya zamani. Ile ya haraka ya F5 nayo ina nafasi yake. Kwa hiyo alichoharibu mdogo wako, kama kipo, kiko humo. Zile ulizohifadhi kwa mkono, kila moja na namba yake, zimekaa zilipokuwa, isipokuwa kama alichagua mojawapo akahifadhi juu yake. Hapo tena ni maji yaliyomwagika.

Unaweza kuhakikisha bila kufungua gemu. Ingia Documents, kisha My Games, kisha Skyrim Special Edition, kisha Saves, uzipange faili kwa tarehe. Sevu uliyoifanya ukiwa na SKSE ina faili mbili za jina moja: yenye mwisho wa .ess, ambayo ndiyo sevu yenyewe, na yenye mwisho wa .skse, kidaftari ambamo SKSE huandika mambo yake. Sevu alizozifanya mdogo wako kwa kupitia Steam hazina kidaftari hicho, kwa sababu SKSE haikuwepo siku hiyo. Ukikuta .ess iliyo pekee, au ambayo mwenzake ana saa na tarehe tofauti kabisa, hiyo ni ya kwake. Zitenge hizo, na usiziendeleze kwenye gemu yenye modi hata kama zinafunguka vizuri. Sevu iliyohifadhiwa bila modi imeshasahau nusu ya mambo: vitu vya modi vimeondoka, lakini skripti (maagizo madogo ya modi) zilizokuwa zikiendelea zinaweza kuwa zimebaki humo bila mwenyewe, na modi ikirudi inakuta imeanza mambo ambayo haikumbuki kuyaanza. Dalili hazitokei siku hiyo. Zinatokea saa ishirini baadaye, pale mhusika fulani anapokataa kuzungumza nawe na hujui umlaumu nani.

Kabla hujagusa kitu kingine chochote, nakili folda hiyo nzima ya Saves uiweke nje ya Documents, au kwenye diski ya kuchomeka. Nasema nje ya Documents kwa sababu kwenye Windows nyingi folda hiyo siku hizi imeunganishwa na OneDrive, na kinachofutwa huku kinafutwa na kule. Fanya hivyo sasa, halafu urudi tuendelee.

Sasa tuje kwenye mzizi wa fitina. Uliponakili folda ya gemu uliamini umenakili gemu. Nami niliamini hivyo miaka kadhaa iliyopita, nikafuta "nakala" niliyoiona haina kazi, kumbe sevu za nakala na za gemu yenyewe zilikuwa zinaandikwa mahali pamoja, na nilipokuwa nikizisafisha za moja nilikuwa nazisafisha za zote mbili. Gemu kama hii haikai sehemu moja. Inakaa sehemu nne, na uliyoinakili ni moja tu.

Sehemu ya kwanza ni hiyo folda iliyomo ndani ya steamapps\common: programu yenyewe, picha, sauti na ramani. Ndiyo kubwa kwa uzito, na ndiyo isiyo na thamani hata kidogo, kwa maana kwamba ikipotea unaipakua tena. Ya pili ni ile ya Documents, yenye sevu zako pamoja na Skyrim.ini na SkyrimPrefs.ini, faili zinazoshika mipangilio. Ya tatu imejificha ndani ya AppData\Local, folda ya Skyrim Special Edition tena, na humo mna faili ndogo ya maandishi inayoitwa plugins.txt: orodha ya modi zipi ziwashwe na kwa mpangilio gani. Ya nne ni daftari la Steam. Ndani ya steamapps kuna faili iitwayo appmanifest_489830.acf, 489830 ikiwa namba ya Skyrim Special Edition kwenye Steam, na humo ndimo Steam inapoandika gemu hii iko folda gani na imefikia toleo lipi.

Ukiijua hiyo ramani, maajabu yako yote yanajieleza. Nakala ya diski D ilikuwa na folda yake, sawa, lakini hata ingefunguka ingesoma Documents ileile na AppData ileile ambazo gemu ya Steam inazisoma. Ndiyo maana mdogo wako alizikuta sevu zako zikimsubiri. Na kwa nini ukibofya SkyrimSE.exe ya nakala inafunguka ile ya Steam? Kwa sababu gemu nyingi za Steam, zikifunguliwa moja kwa moja, huuliza kwanza: je, nimefunguliwa na Steam? Jibu likiwa hapana, hujifunga zenyewe na kuiomba Steam izifungue. Steam nayo haijali ombi limetoka folda gani. Inafungua daftari lake, inaona anwani moja, inakwenda hapo. Nakala ya diski D kwake ni mtoto asiyeandikishwa.

Kuhusu kuhakiki faili, nimelijibu swali hili mara nyingi kiasi kwamba natamani kitufe kile kingekuwa na jina jingine. Steam inapohakiki inashika orodha ya faili zake na kuuliza kila moja: upo, na uko kama nilivyokuacha? Iliyopotea inarudishwa, iliyobadilishwa inabadilishwa tena. Faili ambayo haipo kwenye orodha haiulizwi chochote. Modi nyingi hazibadilishi faili za gemu, zinaongeza faili mpya pembeni, na kwa Steam nyongeza hizo hazionekani. Hata ukiondoa gemu kabisa kupitia Steam, nenda kaangalie steamapps\common: mara nyingi utaikuta folda bado ipo, na ndani yake mabaki yaleyale uliyoyaweka mwenyewe.

ENB ndiyo mfano mzuri wa mabaki hayo. Kiini chake ni faili iitwayo d3d11.dll, jina lilelile la faili ya Windows inayochora picha. Windows, programu inapoomba faili ya aina hiyo, hutazama kwanza kwenye folda ya programu yenyewe, na isipoipata ndipo iende kwenye folda za mfumo. Ya ENB imekaa mlangoni, karibu na SkyrimSE.exe, kwa hiyo inachukuliwa yenyewe kila mara, uwe umefungua kwa Mod Organizer au kwa Steam. SKSE haiko hivyo. Hata ikiwa imelala palepale haifanyi kazi mpaka mtu afungue gemu kupitia skse64_loader.exe.

Na modi zako 130, mbona mdogo wako hakuziona? Kwa sababu ya jinsi Mod Organizer 2 inavyofanya kazi, na hapa naomba utulie kidogo, maana ukielewa hili utajiokoa na mengi. Programu hiyo haiweki modi kwenye folda ya gemu. Kila modi inakaa kwenye folda yake, mbali. Ukifungua gemu kupitia Mod Organizer, inajipenyeza kati ya gemu na Windows, na gemu inapouliza "ndani ya Data kuna nini?" inajibiwa kwa orodha iliyochanganywa, faili za gemu na za modi pamoja, kana kwamba zote ziko humo. Gemu ikifungwa, kiini macho kinaisha. Ukifungua kwa Steam hakuna wa kujipenyeza, unaona folda ilivyo kweli. Vortex, programu nyingine ya kusimamia modi, ni tofauti: kwa kawaida hiyo huweka faili za modi ndani ya Data kwa viungo (links, yaani jina la pili la faili ileile), ili hata Steam ikifungua uzione, mpaka uiambie izikusanye zote zirudi. Kwa hiyo mwenye Vortex asidhani ushauri wangu wa leo unamfaa neno kwa neno.

Kwa upande wako, Data inayoonekana kwa mdogo wako siyo safi wala si yenye modi. Ni chakavu: imebaki na vile vitu vya enzi za mkono.

Limebaki la SKSE. SKSE huingiza mikono yake ndani ya programu ya gemu wakati inaendelea, ikishika sehemu fulani fulani kwa anwani zake kwenye kumbukumbu. Toleo jipya la SkyrimSE.exe likitoka, hata kama kilichobadilishwa ni kidogo, anwani hizo zinahama. Ndiyo maana SKSE huangalia toleo na kukataa kabla haijaharibu kitu, na inafanya vyema kukataa. Wewe ulikuwa umejizuia kwenye 1.6.640. Mpangilio wa Steam unaouita wa kuzuia masasisho hauzuii, unachelewesha: unasema gemu isisasishwe mpaka itakapofunguliwa kupitia Steam. Ulipokuwa ukifungua kwa Mod Organizer na SKSE, Steam haikupata nafasi hiyo. Siku mdogo wako alipobonyeza kitufe, sasisho lililokuwa limesubiri mlangoni miezi yote hiyo likaingia. Hakukosea chochote yule kijana, usimfokee.

Na sasa habari njema ambayo nadhani hukuitarajia. Ile nakala uliyoiweka diski D mwezi uliopita, uliyoiona haifai kitu, Steam haikuigusa, kwa sababu haijui kama ipo. Ibofye SkyrimSE.exe yake kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, soma toleo. Nategemea utakuta 1.6.640. Yaani gemu ambayo SKSE yako inaitafuta unayo tayari. Uligeuza pande tu: nakala ilipaswa kuwa ya modi, na ile ya Steam ibaki safi.

Hilo ndilo ninalompendekezea kila mwenye hali kama yako. Folda ambayo Steam inaijua iachie Steam: isasishwe itakavyo, ihakikiwe, ifunguliwe na yeyote kwa kitufe. Folda ambayo Steam haiijui ndiyo ya kufanyia modi, kwa sababu humo hakuna atakayekuja kukubadilishia kitu usiku. Na haitapata lile tatizo la kujifunga na kufungua nyingine, kwa kuwa hutaifungua kwa kubofya SkyrimSE.exe. Utaifungua kwa Mod Organizer kupitia kipakiaji cha SKSE, Steam ikiwa imewashwa nyuma. Wenye modi nyingi wamezoea mpango huu, na wanaiita folda hiyo Stock Game.

Anza na upande wa Steam. Sevu zimeshahifadhiwa nje, sivyo? Basi ondoa gemu kupitia Steam, nenda steamapps\common ukafute folda ya Skyrim Special Edition iliyobaki na mabaki yake yote, kisha uipakue upya. Huo ndio usafi wa kweli, na ni njia fupi kuliko kuwinda faili moja moja. Nenda pia AppData\Local ukafute plugins.txt, usiwe na hofu, gemu itaandika nyingine. Faili mbili za INI kule Documents nazo zihamishe. Gemu itatengeneza mpya ikifunguliwa.

Kisha nakala ya D. Hii huwezi kuipakua upya kwa urahisi kwa sababu ya toleo lake, kwa hiyo lazima uichambue kama mtu anayetoa chuya kwenye mchele, lakini sasa unayo rula: folda safi ya Steam. Fungua madirisha mawili kando kwa kando. Kwenye folda kuu ya nakala tafuta vitu ambavyo ile safi haina. Utakutana na d3d11.dll, na pengine d3dcompiler_46e.dll, enblocal.ini, enbseries.ini na folda ya enbseries: yote hayo ni ENB. Faili za SKSE ziache, utazihitaji. Ukiingia Data, za gemu zinajulikana: Skyrim.esm, Update.esm, Dawnguard.esm, HearthFires.esm, Dragonborn.esm, faili za .bsa zinazoanza kwa jina Skyrim, zile zinazoanza na herufi cc, na folda ya Video. Ukikuta folda za textures, meshes au scripts zimekaa wazi humo na ile safi haina, hizo ni kumbukumbu zako za enzi za mkono, isipokuwa faili za SKSE zilizomo kwenye scripts, hizo ziache. Usizifute. Zihamishie folda nyingine pembeni, maana ukija kugundua kwamba sevu yako ya saa 90 ilitegemea mojawapo, utaiingiza kwenye Mod Organizer kama modi ya kawaida na mambo yataendelea. Usishangae pia kuona faili za toleo jipya ambazo nakala yako haina. Sheria yetu ni kuangalia kilichozidi kwenye nakala, si kilichopungua.

Baada ya hapo, kwenye mipangilio ya Mod Organizer, sehemu ya njia za folda, badilisha mahali inapoitafuta gemu ili iwe nakala ya D, na kwenye orodha ya programu za kufungua uelekeze SKSE kwenye skse64_loader.exe ya humohumo. Watu wengi husahau hili la pili, wakashangaa Mod Organizer inasema gemu iko D huku inayofunguka ni ya Steam. Folda ya nakala isiwe ndani ya Program Files. Windows inalinda eneo lile na mara nyingine huzuia programu kuandika humo bila kukuambia. Kwenye mzizi wa D, kwa jina fupi, inatosha.

Bado tumetenganisha folda moja tu. Sevu! Kwenye Mod Organizer fungua dirisha la wasifu (profile) wako. Kuna visanduku viwili vya kuweka tiki: kimoja kinaufanya wasifu uwe na sevu zake, kingine uwe na faili zake za INI. Weka vyote viwili. Kuanzia hapo sevu za gemu yenye modi zitaandikwa ndani ya folda ya wasifu huo, kwenye folda ndogo ya saves, na si Documents. Zinakili humo zile sevu zako nzuri pamoja na vidaftari vyake vya .skse, kisha uziondoe kule Documents. plugins.txt usiihangaikie, Mod Organizer inatunza orodha ya kila wasifu peke yake.

Kama ungeniambia nikuchagulie ukuta mmoja tu, ningekwambia uchague huu wa sevu, hata kabla ya kutenganisha folda za gemu. Mtu mwenye folda moja ya gemu na sevu zilizotenganishwa akiharibu kitu anapoteza jioni moja ya kupakua. Mwenye folda mbili nzuri na sevu zilizochanganyika anapoteza mhusika.

Zipo njia nyingine, na nisikudanganye kwamba hazifai. Ungeweza kubaki na folda moja ya Steam, ukaisafisha, ukategemea Mod Organizer pekee itenganishe. Ingefanya kazi vizuri, na ingekuokolea nafasi ya diski, lakini kila mdogo wako akifungua kwa Steam unarudi kwenye bahati nasibu ya masasisho. Ukikubali kwenda na toleo jipya la gemu na SKSE yake kila mara, na kusubiri waandishi wa modi zako wafuate, njia hiyo inatosha na ni nyepesi kuliko yangu. Wengine huwa na folda mbili na kuzibadilishana majina kabla ya kucheza, leo hii iitwe Skyrim Special Edition, kesho ile. Hiyo inaifaa kompyuta ya mtu mmoja mwenye kumbukumbu ya chuma. Nyumba yenye watu wawili, siku moja jina litasahauliwa. Ya kununua gemu ya pili naiweka mwisho kabisa: ungelipa pesa na bado Documents ingebaki moja.

Nyongeza ambayo ningekusihi uifanye ni kumfungulia mdogo wako akaunti yake ya Windows. Kila akaunti ya Windows ina Documents yake na AppData yake, kwa hiyo sehemu mbili kati ya zile nne zinatengana zenyewe bila ujanja wowote. Akitaka pia akaunti yake ya Steam, utaratibu wa Steam Families unamruhusu acheze gemu yako, ila nakala ikiwa moja hamwezi kucheza wote kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwenye kompyuta moja halina uzito. Mwambie kitu kimoja tu. Tangu toleo la 1.6.1130 la Desemba 2023, ndani ya gemu kuna menyu iitwayo Creations, na anachopakua humo kinaingia kwenye Data ya kweli ya folda ya Steam. Haitakugusa wewe tena, lakini gemu yake haitakuwa safi.

Nafasi haitakusumbua. Steam inataja GB 12 kwa gemu hii, maudhui ya ziada yakiongeza kidogo, na nakala ya D tayari imo ndani ya hesabu yako. Ukishauriwa na mtu utumie viungo ili folda mbili zishiriki faili zilezile na kubana nafasi, mkatalie kwa gemu hii. Faili yenye majina mawili bado ni faili moja, na atakayeiandika upande mmoja ameiandika pande zote. Ujanja huo ungekuwa na maana kwa gemu kama Baldur's Gate 3 inayotaka GB 150, na hata huko ningesita.

Gemu nyingine hazikulazimishi kuhangaika hivi. Stardew Valley yenye SMAPI, kipakiaji chake cha modi, huweza kuelekezwa folda nyingine ya modi wakati wa kufungua, ingawa sevu zinabaki pamoja. Minecraft ya Java inakuruhusu kutengeneza usakinishaji kadhaa, kila mmoja na folda yake, dunia zake na modi zake. Na modi ya Seamless Co-op ya Elden Ring ina busara ninayoipenda: sevu zake zinaishia .co2 badala ya .sl2 ya gemu yenyewe, kwa hiyo hazikutani hata zikilala folda moja. Kwa gemu za kuchezwa na watu wengine mtandaoni zenye programu ya kuzuia udanganyifu, usichanganye kabisa. Huko hasara ni kufungiwa akaunti.

Haya yote unaweza kuyafanya mwenyewe kwa jioni moja. Lakini kama faili zinagoma kunakilika kwa kosa la kusoma diski, kama gemu safi kabisa nayo inaanguka kila baada ya dakika chache, au kompyuta inajizima picha zikiwa nzito, usiendelee kulaumu modi. Hiyo ni diski, joto au umeme, na anayefaa ni fundi aliye mbele ya mashine hiyo. Mpelekee baada ya kutoa sevu nje, kwa sababu dawa ya kwanza ya mafundi wengi ni kuweka Windows upya. Na kama katika zile modi za enzi za mkono kuna uliyoipata mahali usipopakumbuka, hasa iliyokuja na faili ya .exe, ichunguze kwa kinga ya virusi kabla hujairudisha. Mwaka 2023 wachezaji wa Minecraft waliletewa virusi ndani ya modi zilizokuwa zimewekwa kwenye maghala yanayoaminika kama CurseForge, sembuse kwingineko.

Ukimaliza, jaribu hivi. Fungua gemu kwa Steam, anza mchezo mpya, bonyeza kitufe kilicho chini ya Esc ili konsoli (sehemu ya kuandikia amri) ishuke, andika GetSKSEVersion. Ikijibu kwamba amri hiyo haipo, mdogo wako yuko upande wake. Funga, fungua kwa Mod Organizer, pakia sevu yako ya mwisho uliyoihifadhi kwa mkono, andika amri ileile. Ikikupa namba ya toleo, na lile onyo la vitu kukosekana lisipotokea, hifadhi sevu mpya kwa mkono, kisha uende folda ya wasifu ukahakikishe imeandikwa humo, ikiwa na mwenzake wa .skse.